ENCHILADA SIYO CHAPATI YA NYAMA: ASILI YAKE NA AINA ZAKE

Najua wengi mmezoea kunisoma kwenye mambo ya mtaani, lakini leo kaeni mkao wa kula, maana mada yenyewe ni chakula. Kabla ya yote naomba niombe radhi, halafu mtajua kwa nini nimeamua kuandika makala ndefu namna hii juu ya chakula cha watu wa mbali.

Mwaka juzi jamaa mmoja mwenye mgahawa hapa Dar alinipa kijikazi. Alitaka menyu yake iandikwe kwa Kiswahili, kila chakula kipate maelezo ya mistari miwili ili mteja ajue anaagiza nini. Mimi nimeishia kidato cha nne, sina cheti cha upishi wala cha tafsiri, lakini kalamu ndiyo inayonilisha, nikakubali fasta. Pilau, biriani, mishkaki, kuku wa kupaka, zote nilizimaliza kwa nusu saa. Mara nikakutana na neno ENCHILADA. Nikaenda jikoni kumuuliza mpishi, akanijibu huku anageuza nyama: "Chakula cha Meksiko hicho, nyama ndani ya chapati." Basi nikaandika hivyo hivyo, "chapati ya ngano iliyokunjwa, ndani nyama", nikapokea hela yangu nikasepa.

Wiki ya pili simu ikaita. Kumbe mteja mmoja aliyewahi kuishi Meksiko alikaa pale na wenzake, wakamsomea maelezo yangu, akacheka mpaka meza za jirani wakageuka. Akamwambia mwenye mgahawa kwamba mstari ule mmoja una makosa matatu. La kwanza, enchilada ni ya mahindi, siyo ngano. La pili, nyama siyo lazima. La tatu ndilo kubwa, kile kitu kilichoipa jina, yaani pilipili, sikukitaja kabisa! Menyu ikabidi ichapwe upya na gharama ikakatwa kwenye malipo yangu ya kazi iliyofuata. Sikulalamika, maana kosa lilikuwa langu. Niliandika kitu nisichokijua na watu wakakisoma wakidhani najua.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma juu ya enchilada kila nikipata nafasi, na niliyoyakuta yamenishangaza, kwa sababu ukiifuatilia vizuri inakurudisha hadi kwenye ugali wako. Twende taratibu.

ENCHILADA NI NINI HASA?

Tuanze na tortilla. Hii ni mkate bapa wa mviringo, mwembamba, unaotengenezwa kwa mahindi na kuokwa kwenye kikaango bapa kinachoitwa comal, ambacho kwa sura ni kama chuma chetu cha chapati. Haitiwi hamira wala mafuta, na kienyeji hata chumvi haitiwi. Mmeksiko anakula tortilla kama sisi tunavyokula ugali, yaani bila hiyo hajala.

Sasa chukua tortilla hiyo, ipitishe haraka kwenye mafuta ya moto ili ilainike na isinywe mchuzi kupita kiasi, ichovye kwenye mchuzi mzito wa pilipili, iwekee kitu ndani, iviringishe au ikunje, panga tatu au nne kwenye sahani, halafu malizia kwa mchuzi juu, jibini ya kubomoabomoa, vitunguu na krimu. Hiyo ndiyo enchilada. Wapishi wengine wanageuza hatua mbili za mwanzo, wanachovya kwanza kwenye mchuzi ndipo wanapitisha kwenye mafuta.

Jina linatokana na kitenzi cha Kihispania, enchilar, maana yake kutia pilipili. Kwa hiyo enchilada ni "iliyotiwa pilipili", basi. Jina halisemi kuku, halisemi ng'ombe, halisemi jibini. Ndani unaweza kuweka kuku wa kuchambuliwa, jibini, maharage, viazi au mayai. Zipo hata zisizo na kitu ndani kabisa, na bado ni enchilada kwa sababu mchuzi upo.

Watu wengi huichanganya na ndugu zake, kwa hiyo tuwatenganishe. Taco ni tortilla inayokunjwa kuzunguka kitoweo na kuliwa kwa mkono, mara nyingi umesimama barabarani. Burrito ni ya kaskazini mwa Meksiko, inatumia tortilla kubwa ya ngano inayofungwa pande zote, na jina lake maana yake ni punda mdogo. Quesadilla ni tortilla iliyokunjwa na kupashwa moto, kwa kawaida na jibini ndani, ingawa ukiwa Mexico City muuzaji anaweza kukuuliza unataka yenye jibini au isiyo na jibini, jambo ambalo watu wa mikoa mingine huwacheka nalo wakazi wa jiji hilo, maana queso ndiyo jibini yenyewe! Enchilada inatofautiana na hao wote kwa sababu imelowa. Huwezi kutembea nayo mkononi, unakaa chini unaila kwa uma.

MAHINDI, CHOKAA NA JIWE LA KUSAGIA

Mahindi asili yake ni kusini mwa Meksiko. Wataalamu wanasema wakulima wa bonde la mto Balsas walianza kuyabadilisha kutoka kwenye nyasi pori inayoitwa teosinte kiasi cha miaka 9,000 iliyopita. Ukiiona teosinte huwezi kuamini, kisuke chake kina punje chache ngumu kama kokoto. Kizazi baada ya kizazi watu walichagua mbegu nzuri zaidi mpaka tukapata gunzi tunalolijua.

Ila kulima mahindi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kitu wanachokiita nixtamal, neno la lugha ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Mahindi makavu yanachemshwa kwenye maji yenye chokaa au majivu, yanalazwa usiku kucha humo humo, asubuhi yanaoshwa maganda yakatoka, ndipo yanasagwa yakiwa mabichi kwenye jiwe linaloitwa metate. Kinachopatikana ni donge laini linaloitwa masa, na ndilo linalotengeneza tortilla. Ujuzi huu katika eneo la Meksiko na Guatemala una zaidi ya miaka 3,000.

Chokaa inafanya kazi tatu. Kwanza inalegeza ganda la punje, hivyo kusaga kunakuwa rahisi. Pili inabadilisha unga wenyewe ili ushikane, ndiyo maana tortilla inakunjika bila kupasuka. Tatu, na hii ndiyo kubwa kiafya, inaifungua vitamini inayoitwa niasini, ambayo ndani ya mahindi ya kawaida imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Juu ya hayo inaongeza madini ya kalisiamu. Hawa watu hawakuwa na maabara, lakini walishaona kwa macho kwamba mahindi ya chokaa yanajenga mwili.

Wahispania walifika mwaka 1519 wakiongozwa na Hernán Cortés, na mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, ukaanguka mwaka 1521. Mkate bapa ulikuwa na jina lake la Kinahuatl, tlaxcalli, wao wakauita tortilla, yaani keki ndogo. Mtawa mmoja Mhispania, Bernardino de Sahagún, aliyefika mwaka 1529, alitumia miaka mingi kuandika maisha ya wenyeji akisaidiwa na wenyeji wenyewe, kazi iliyozaa vitabu 12. Humo anaeleza masoko na wauzaji wa vyakula, wakiwemo wauza tortilla za namna nyingi, na pilipili imejaa kila kona. Kwa hiyo wazo la tortilla na pilipili lilikuwepo kabla mzungu hajatia mguu.

Kilicholetwa na Wahispania ni ng'ombe, nguruwe, kondoo na kuku, na pamoja nao jibini, krimu na mafuta ya nguruwe. Vitunguu na vitunguu saumu pia vilikuja na meli. Ukiitazama enchilada ya leo unaona pande mbili zimekutana kwenye sahani moja. Chini kuna mahindi, pilipili na nyanya za wenyeji, juu kuna jibini, krimu na vitunguu vya wageni. Meksiko ilipata uhuru wake mwaka 1821, na mwaka 1831 kikachapwa kitabu cha mapishi kiitwacho El cocinero mexicano, kimojawapo cha vya kwanza vya nchi hiyo, na enchilada zimo.

Hapo nisimame kidogo niwaambie jambo la lugha yetu. Sisi tunasema "mahindi", jina linaloelekeza Uhindi. Tunasema "pilipili", na neno hilo asili yake ni huko huko Uhindi, lilikuwa jina la jamii ya pilipili manga kabla pilipili kali haijavuka bahari. Mimea yenyewe, yote miwili, ilitoka Amerika, na Wareno ndio waliokuwa mbele kuisambaza katika pwani za Afrika kuanzia karne ya 16. Kwa maana hiyo vitu viwili vikuu vya enchilada vimekaa jikoni kwetu kwa mamia ya miaka, tumevipa majina ya Kihindi, na wengi hatujui vilikotoka.

AINA ZAKE, MKOA KWA MKOA

Meksiko ni nchi kubwa na kila mkoa una yake. Nikisema nizitaje zote tutakesha, hivyo nachukua zile zinazojulikana zaidi.

Enchiladas rojas (nyekundu): Mchuzi wake ni wa pilipili kavu kama ancho au guajillo. Zinakaangwa kidogo bila mafuta, zinalowekwa kwenye maji ya moto, zinatolewa mbegu na kusagwa na kitunguu saumu. Nyingi ya pilipili hizi siyo kali sana. Zina utamu fulani na harufu nzito, kwa hiyo usidhani kila enchilada itakutoa machozi.

Enchiladas verdes (kijani): Rangi inatoka kwenye tomatillo, tunda la kijani linalofanana na nyanya ndogo lakini limevaa ganda kavu kama karatasi. Mchuzi una ukali wa ndimu ndimu, unachanganywa na pilipili mbichi na majani ya giligilani, na ndani mara nyingi ni kuku.

Enchiladas suizas: Neno suiza ni "ya Uswisi". Waswisi hawakuhusika kuipika, imeitwa hivyo kwa sababu ya wingi wa krimu na jibini inayoyeyuka juu. Zilipata umaarufu kupitia migahawa ya Sanborns ya Mexico City.

Enchiladas potosinas: Hizi ni za San Luis Potosí. Pilipili inachanganywa ndani ya donge lenyewe, kwa hiyo tortilla inatoka nyekundu au rangi ya machungwa kabla haijaguswa na mchuzi wowote. Inatiwa jibini, inakunjwa nusu kama sambusa ya nusu duara, kingo zinabanwa, halafu inakaangwa.

Enchiladas mineras: Za Guanajuato, mji wa migodi ya fedha, na jina maana yake ni za wachimbaji. Tortilla inachovywa kwenye mchuzi wa guajillo, ndani jibini na kitunguu, na juu vinamwagwa viazi mviringo na karoti vilivyokaangwa. Ukiiona unaelewa mara moja kwamba ni chakula cha mtu wa kazi ngumu.

Enmoladas: Badala ya mchuzi wa kawaida, tortilla inachovywa kwenye mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, ufuta, karanga au lozi, viungo kibao, na mara nyingine chokoleti kidogo. Puebla na Oaxaca ndiyo wenye sifa ya mole. Ni mchuzi wa sherehe, unaweza kuchukua siku nzima kuutengeneza.

Enfrijoladas na entomatadas: Njia ni ile ile, mchuzi tu ndio umebadilika. Ya kwanza ni mchuzi wa maharage yaliyosagwa, ya pili ni mchuzi wa nyanya, nayo inawafaa watoto na wasiopenda ukali. Ona jinsi lugha inavyofanya kazi. Jina linafuata mchuzi, halifuati kilichomo ndani. Frijol ni maharage, basi inakuwa enfrijolada.

Papadzules: Hizi ni za Yucatán kwa Wamaya, na wengi wanaamini zinatuonyesha jinsi ndugu za enchilada zilivyokuwa zamani. Tortilla inachovywa kwenye mchuzi wa mbegu za maboga zilizosagwa, ndani linawekwa yai la kuchemsha lililokatwakatwa, juu mchuzi wa nyanya. Hakuna jibini, hakuna krimu.

ILIPOJIKUTA UPANDE WA PILI WA MPAKA

Vita ya Meksiko na Marekani ya mwaka 1846 hadi 1848 iliisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, na eneo kubwa la kaskazini mwa Meksiko likawa la Marekani. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliowahama. Wakaendelea kupika.

Huko New Mexico wana enchilada ambazo haziviringishwi. Tortilla zinapangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotipoti, kati yake mchuzi na jibini, na juu kabisa yai la kukaanga. Wengine hutumia tortilla za mahindi ya rangi ya bluu. Ukiagiza, mhudumu atakuuliza unataka pilipili nyekundu au ya kijani.

Texas nako wakatengeneza namna yao. Mchuzi wao unafanywa mzito kwa unga wa ngano, unatiwa binzari nyembamba kwa wingi, juu inawekwa jibini ya njano, sahani nzima inaingia kwenye oveni. Hii ndiyo iliyosambazwa duniani na migahawa ya Kimarekani, na ndiyo watu wengi wa nje wanayoijua. Nyingi ya enchilada za kienyeji huko Meksiko hazioki, zinatoka kwenye kikaango zinakwenda mezani. Kuna wanaosema ya Texas ni feki, mimi siungani nao. Waliitengeneza watu wenye asili ya Meksiko kwa vitu walivyovipata walipokuwa.

TORTILLA IKIPANDA BEI, NCHI INATIKISIKA

Msidhani haya ni mambo ya starehe tu. Mwishoni mwa 2006 bei ya tortilla Meksiko ilipaa ghafla. Mahindi ya Marekani yalikuwa yamepanda bei, sehemu moja kwa sababu yalikuwa yanageuzwa kuwa mafuta ya magari, na wafanyabiashara wakubwa wakalaumiwa kwa kuficha akiba. Januari 2007 serikali ya Rais Felipe Calderón ikakubaliana na makampuni bei isizidi peso 8.50 kwa kilo, na tarehe 31 mwezi huo makumi ya maelfu ya watu wakaandamana Mexico City. Mtu aliyewahi kuona bei ya unga wa sembe inavyoweza kubadilisha mazungumzo ya mtaa mzima anaelewa bila kuelezwa.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na maelezo yake yanataja nixtamal waziwazi. Na Machi 2025 Meksiko ikarekebisha katiba yake kupiga marufuku kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Hao ndio watu ambao mimi niliwaandikia "chapati ya ngano".

JARIBIO LANGU, AU JINSI KUKU WA JIRANI WALIVYOFAIDI

Baada ya aibu ile nilirudi kwa yule mpishi. Nikamuuliza, kwa nini unatumia ngano? Akaniambia, "Kaka, nilijaribu unga wa mahindi, haushikani." Sikumwamini. Nikaenda kujaribu nyumbani.

Mama yangu anauza chapati asubuhi, kwa hiyo chuma na kibao vipo. Nikamwambia, "Mama, nataka kupika chapati ya mahindi."

"Ya unga upi?"

"Huu huu wa sembe."

"Mwanangu, huo haushikani. Ungekuwa unashikana ningeshauza chapati zake zamani, ngano ilivyo ghali."

Nikakaidi. Nikaukanda kwa maji ya moto, nikasukuma, ikapasuka kama tope la kiangazi. Nikaongeza maji, ikaganda kwenye kibao. Moja niliyofanikiwa kuifikisha kwenye chuma ilivunjika vipande nilipoigeuza. Kuku wa jirani ndio waliofaidi siku hiyo, na mama hakusema neno, alinitazama tu.

Ndipo nikasoma habari ya chokaa na nikaelewa kwamba shida haikuwa mkono wangu. Unga wetu, uwe sembe uwe dona, haujapitia chokaa. Sasa chokaa ya kuliwa niipate wapi? Nikawa namsimulia bibi, mtu wa Tanga, ambaye tambuu haimtoki mdomoni. Akafungua kijaluba chake akanionyesha. Tambuu, popoo, na kitu cheupe pembeni.

"Chokaa ya kula si hii? Au ulidhani miaka yote hii bibi yako nakula ukuta?"

Jamani! Vitu vyote vilikuwepo nyumbani, mahindi ya Meksiko gunia moja na chokaa kijaluba kimoja, ila havijawahi kukutana.

Tukanunua chokaa kwa muuza tambuu. Nikachukua kilo moja ya mahindi meupe makavu, maji lita tatu, chokaa kijiko kimoja cha chakula. Nikachemsha kwa moto mdogo kama dakika 40, maganda yakageuka njano na kuanza kuvuka, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikasuuza mara nne huku nasugua. Nikatwanga kwenye kinu mpaka mikono ikaniuma, nikamalizia kwenye brenda kwa maji kidogo. Donge likashikana! Halikuwa laini kama inavyotakiwa, lakini nililibana kati ya mifuko miwili ya nailoni kwa sahani, likakaa mviringo. Kati ya tortilla 12, saba zilisalimika. Mchuzi nikafanya wa nyanya, vitunguu saumu na pilipili kavu, ndani maharage ya jana. Mama alikula mbili. Kwa anayemjua mama, hizo ni alama za juu.

Tahadhari kwa watakaojaribu: iwe chokaa ya kuliwa, siyo ya kupaka nyumba, wala usibahatishe saruji. Usitumie sufuria ya alumini maana chokaa inaila, mimi nilitumia chungu cha bibi. Suuza vizuri, na usiache iingie machoni.

TULIPEWA MAHINDI, UJUZI UKABAKI

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mahindi yalipovuka bahari hayakuvuka na chokaa. Waliyoyabeba waliona punje, hawakuona umuhimu wa kile ambacho wanawake wa Meksiko walikuwa wanafanya jikoni usiku. Matokeo yake, sehemu nyingi ambako maskini walikula mahindi na karibu kitu kingine chochote hawakupata, ulizuka ugonjwa wa pelagra, unaoharibu ngozi, tumbo na akili na hatimaye kuua. Uliandikwa Hispania tangu karne ya 18, ukaua maelfu kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Na siyo mambo ya zamani tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa kwenye kambi za Malawi waliugua, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wakabaki kutegemea mahindi.

Msiogope ugali wenu. Anayekula ugali na samaki, maharage, karanga au nyama anapata niasini kutoka huko. Hatari ni pale mboga inapokosekana siku baada ya siku, na mnajua kuna nyumba ambazo inakosekana.

Mwezi uliopita nilirudi tena kwenye ule mgahawa, safari hii bila kuitwa. Nikamwambia mwenyewe naomba nirekebishe mstari wangu bure. Mpishi bado anatumia chapati ya ngano, na siwezi kumlazimisha atwange mahindi kila usiku, ila amekubali kuichovya kwenye mchuzi wa pilipili kama inavyotakiwa. Mwenye mgahawa alisita, aliogopa wateja watasema chakula siyo halisi. Nikamwambia hata Texas na New Mexico kila mtu anatengeneza yake, ilimradi tuseme ukweli. Akafikiri, akasema sawa. Kwa hiyo leo ukienda pale utakuta imeandikwa hivi:

"Enchilada ya hapa kwetu: imechovywa kwenye mchuzi wa pilipili, ndani kuku au maharage. Meksiko hutumia tortilla ya mahindi, sisi tumetumia chapati ya ngano."

Ni maneno mengi kwa menyu, najua. Ila safari hii nayajua yote. Mwenye nyongeza au marekebisho adondoshe maoni hapo chini, na kama kuna mdau aliyewahi kuishi huko aniambie nimekosea wapi, sitanuna. Nawasilisha.